Cheti cha shamba hakifiki kwenye chupa: kisa cha mafuta ya CBD na neno "kilimo hai"

Kisa hiki kinahusu biashara ndogo ya Marekani inayouza mafuta ya CBD, kemikali isiyolevya inayopatikana kwenye mmea wa hempu. Jina la mwenye biashara, jimbo lake, wasambazaji wake na duka lililohusika vimeondolewa, na hesabu zimezungushwa kidogo. Nilihusika kama mtu wa makaratasi: kazi yangu ni kuwasaidia wasindikaji wadogo kuandaa mafaili kabla mkaguzi hajabisha hodi.

Usuli

Mwenye biashara ni mama wa pwani ya Tanzania aliyehamia Magharibi ya Kati ya Marekani miaka mingi iliyopita. Alianza kuuza 2019, baada ya Sheria ya Kilimo iliyotiwa saini Desemba 2018 kuiondoa hempu kwenye orodha ya dawa za kulevya. Hempu ni mmea uleule wa bangi, ila kwa sheria hiyo THC yake, ile inayolevya, haitakiwi kuzidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. (Unayesoma ukiwa Dar au Mombasa usije ukaagiza chupa kwa sababu yangu. Huko ukikutwa na mmea huo, ni bangi, basi.)

Bidhaa zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mafuta ya matone, chupa ya mililita 30 yenye CBD miligramu 750, ya kuweka chini ya ulimi. Ya pili ni mafuta ya kupaka kwenye magoti na mgongo, yaliyopikwa kwa mafuta ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda, mafuta ya nazi, nta ya nyuki, CBD na tone la mafuta ya karafuu. Hayo ya pili ndiyo yaliyompa jina. Wazee wa soko la wakulima la Jumamosi waliyafuata kwa harufu ya karafuu kabla hawajajua kilichomo.

Lebo zote mbili ziliandikwa mbele, kwa herufi kubwa: hempu ya kilimo hai, yaani organic, kilimo kisichotegemea dawa na mbolea za viwandani. Hakudanganya kwa makusudi. Mkulima aliyemuuzia maua ya hempu alikuwa na cheti halali kabisa chini ya Mpango wa Taifa wa Kilimo Hai wa Wizara ya Kilimo ya Marekani (USDA), na nakala yake alikuwa ameibandika ukutani jikoni.

Kilichotokea

Mwaka 2022 duka moja la vyakula vya asili, lenye matawi kadhaa, lilitaka kuchukua bidhaa zote mbili. Mnunuzi wa duka akaomba cheti cha kilimo hai. Mama akatuma kile cha ukutani. Siku ya pili likarudi jibu la mstari mmoja: "Hiki ni cha shamba. Naomba chako."

Hapo ndipo nilipoitwa.

Nilianza na hifadhidata ya USDA ya wazalishaji wa kilimo hai, ambayo iko wazi kwa yeyote mwenye simu. Jina la mkulima lilikuwemo, cheti kilikuwa hai, na upande wa shughuli paliandikwa mazao, na chini yake hempu. Usindikaji haukuandikwa. Yaani USDA ilitambua kwamba hempu ikiwa bado imesimama shambani, na ikikatwa na kukaushwa na mkulima huyu, ni ya kilimo hai. Maua yakishapakiwa kwenye lori kwenda kwingine, cheti chake hakiyafuati, isipokuwa anayeyapokea naye awe na cha kwake.

Aliyeyapokea hakuwa nacho. Kilikuwa kiwanda kidogo cha kukamua, cha watu waungwana na wasafi. Tulipompigia meneja alituambia tusihofu, kwa kuwa wao hukamua kwa gesi ya kaboni dioksidi, na gesi hiyo imeruhusiwa kwenye Orodha ya Taifa ya vitu vinavyokubalika. Ni kweli imeruhusiwa. Nikamuuliza: mkishakamua, nta ya mmea mnaitoaje? Maana mafuta yanayotoka kwenye mtambo wa gesi huwa mazito kama uji ulioganda, na mteja hataki chupa yenye ukungu. Akasema wanayayeyusha kwenye ethanoli, yaani spiriti, wanayagandisha kwenye friza, wanachuja, kisha wanaivukiza ethanoli. Ethanoli gani? Akaenda kusoma pipa. Ilikuwa imechanganywa na heptani, kiyeyushi kinachotokana na petroli, ili isinyweke, kama inavyofanywa kwa spiriti nyingi za viwandani kukwepa kodi ya pombe.

Heptani haimo kwenye orodha. Kanuni inakataza kiyeyushi cha kemikali kisichoorodheshwa kugusa chochote kitakachouzwa kama zao la kilimo hai, hata kikivukizwa chote na maabara isione hata chembe. Kinachoangaliwa ni njia iliyopitiwa. Pale ndipo mnyororo ulipokatika, na lebo za miaka mitatu zikawa hazina mguu wa kusimamia.

Hesabu ya asilimia 96

Mama huyu ni mtu wa hesabu. Aliposikia kwamba bidhaa inaitwa ya kilimo hai ikiwa asilimia 95 ya viungo vyake, ukiacha maji na chumvi, imethibitishwa, alichukua mzani. Chupa yake ina gramu zipatazo 28.5 za mafuta. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye hempu yalikuwa na CBD asilimia 70 hivi, kwa hiyo miligramu 750 zinahitaji gramu 1.07. Hiyo ni asilimia 3.8. Iliyobaki, zaidi ya 96, ni mafuta mepesi ya nazi yenye cheti chake.

"Basi nimepita," akasema. "Tisini na sita si zaidi ya tisini na tano?"

Swali hili nalisikia kwa karibu kila mwenye mafuta ya matone, na ni zuri, kwa sababu linafichua jambo la ajabu: ndani ya chupa ya CBD, CBD yenyewe ni kijisehemu. Kama zile asilimia tano zingekuwa huru, mtu yeyote angenunua mafuta ya nazi yaliyothibitishwa, akatumbukiza hempu iliyopuliziwa kila dawa, akabandika nembo ya kijani ya USDA. Kanuni ililiona hilo. Kiungo cha kilimo kisichothibitishwa kinaruhusiwa ndani ya ile tano tu kama kimetajwa kwa jina kwenye orodha maalumu, na hata hapo ni pale tu ambapo chenye cheti hakipatikani sokoni. Mafuta ya hempu hayamo kwenye orodha hiyo. Gramu moja ile ikazuia gramu ishirini na saba.

Mafuta ya kupaka yalikuwa na tatizo la aina nyingine. Shea ilikuwa asilimia 55 ya kopo, nazi 20, nta 18, hempu 5, karafuu 2. Kilichokuwa na cheti ni nazi peke yake. Shea ile hukusanywa chini ya miti ya porini na kina mama wa Acholi na Lango, ambako hakuna anayepulizia dawa wala kutia mbolea. Ukiniuliza mimi, ni safi kuliko nusu ya vitu vyenye nembo madukani. Lakini haikuwa na cheti, na kanuni ya Marekani ina kifungu kizima cha mazao ya kuokota porini: eneo lichorwe kwenye ramani, ithibitishwe kwamba hakuna kilichokatazwa kilichotumika kwa miaka mitatu, na uokotaji usiharibu miti. Mtu fulani lazima alipie mkaguzi aende akayaone hayo.

Maamuzi na sababu zake

Jambo la kwanza lilifanyika wiki ileile: kufunika neno. Aliagiza vibandiko vya karatasi, akakaa na binti yake mezani wakavibandika juu ya lebo moja moja. Nilimsihi asisubiri akiba iishe, kwa sababu kuuza kitu kama cha kilimo hai bila cheti kuna faini inayohesabiwa kwa kila kosa. Zipo biashara ndogo zenye msamaha, zile ambazo mauzo yao ya kilimo hai hayazidi dola 5,000 kwa mwaka, lakini yeye alishavuka kiwango hicho, na hata walio na msamaha wanatakiwa kufuata kanuni za usindikaji vilevile.

Kwa mafuta ya matone aliamua kutafuta cheti. Kiwanda cha zamani kilikubali kununua ethanoli ya kilimo hai, lakini hakikutaka gharama ya kuthibitishwa chenyewe, na bila hiyo ethanoli safi haimsaidii. Kilipatikana kingine chenye cheti cha usindikaji, mbali zaidi, kinachokamua kwa ethanoli ya kilimo hai mwanzo hadi mwisho na chenye kumbukumbu za kusafisha mitambo kati ya mzigo wa kawaida na mzigo wa kilimo hai. Bei kwa kilo ilipanda karibu nusu. Kisha yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayechanganya na kujaza chupa, akaomba cheti cha usindikaji cha jiko lake.

Kwa mafuta ya kupaka zilikuwepo njia mbili. Angenunua shea yenye cheti kutoka Afrika Magharibi. Pamoja na nazi ingefika asilimia 75, juu ya kiwango cha 70 kinachoruhusu maneno "imetengenezwa kwa shea na nazi za kilimo hai", bila nembo ya USDA. Au angebaki na kina mama wa Uganda na kuliacha neno litoke mbele ya kopo. Alibaki nao. Sababu yake ya kwanza ilikuwa ya kazi: shea ya Uganda ni laini, inayeyuka mapema kwenye ngozi, na ile ya Magharibi ni ngumu zaidi, ingemlazimu kupunguza nta na kuanza upya mapishi yaliyompa wateja. Sababu ya pili hakuitaja sana, ila niliiona kwenye simu yake: picha za mtoto wa mmoja wa waokotaji siku ya mahafali.

Dereva wa lori

Katikati ya shughuli hizi kulitokea jambo ambalo naliona zito kuliko cheti chenyewe. Mteja mmoja, Mkongo anayeendesha malori ya masafa marefu, alikuja mezani sokoni akachukua chupa ya matone. Kibandiko kilikuwa kimeanza kubanduka pembeni na neno linachungulia.

"Dada, hii ni ya kilimo hai, sivyo? Kwa hiyo haina bangi."

"Kaka, ni ya mmea mzima. Ina THC kidogo ndani."

"Lakini ni organic."

Akairudisha, akanunua ya kupaka, na akaondoka akitikisa kichwa kana kwamba ametapeliwa. Hakutapeliwa, aliokolewa. Chupa ile ilikuwa na THC inayokaribia miligramu 27. Kwa uzito wa mafuta yote hiyo ni chini ya asilimia 0.1, halali kabisa kwa sheria ya 2018, lakini anayekunywa kila siku anaweza kukutwa nayo kwenye mkojo. Februari 2020 Idara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa tangazo kwa madereva: kusema ulitumia CBD si utetezi kipimo kikionyesha bangi. Kwa dereva, hiyo ni leseni na mkate wa nyumba nzima.

Baada ya siku ile mama alitaka atengeneze aina isiyo na THC hata kidogo. Njia rahisi ni unga mweupe wa CBD tupu. Tatizo ni kwamba unga huo kwa kawaida husafishwa kwa pentani au heptani, na kuiondoa THC peke yake kwenye mafuta mara nyingi hupitia viyeyushi vya namna hiyohiyo. Kwa hiyo wateja wake wawili wakubwa, dereva anayeogopa kipimo na mama wa yoga anayetaka nembo, wanadai vitu vinavyopishana njia kiwandani. Hakuna lebo moja ya kuwaridhisha wote. Aliamua kutotengeneza aina ya tatu kwa wakati huo, na kwenye lebo ya matone akaongeza mstari mwekundu unaosema ina THC na kwamba anayepimwa kazini asitumie.

Siku ya ukaguzi

Mkaguzi alikuja akiwa na kompyuta ndogo na njaa. Alikula chapati mbili kabla ya kuanza. Kisha akachukua chupa moja rafuni, bila kuchagua, akasema: nionyeshe shamba ilikotoka. Kutoka namba ya bechi kwenye chupa hadi daftari la kujazia, hadi ankara ya kiwanda, hadi kitengo cha shamba. Hiyo ilikwenda vizuri, isipokuwa cheti cha vipimo vya maabara kilikuwa na namba ya bechi ya kiwanda na si ya kwake, na ilibidi atengeneze jedwali la kuziunganisha.

Zoezi la pili lilimtoa jasho. Umenunua kilo moja ya mafuta ya hempu. Kila chupa inachukua gramu 1.07. Chupa 930 na ushei ziko wapi? Zilizouzwa na zilizobaki zilifika 861. Sabini na zaidi zilikuwa zimepasuka, zimetolewa bure kwenye tamasha, zimepelekwa msibani, zimepewa kanisa. Kumbukumbu zilikuwa zimetapakaa kwenye ujumbe wa WhatsApp. Waliketi wakazikusanya moja moja. Mkaguzi aliandika dosari ndogo, akampa muda wa kuweka daftari la zinazotoka bila kuuzwa. Wengi hudhani zoezi hili ni usumbufu. Ndilo zoezi linalomkamata mtu anayenunua kilo moja yenye cheti na kuuza chupa za kilo tano.

Matokeo

Cheti kilitoka 2023. Lebo mpya ya matone ilibeba nembo, na chini ya anwani ya biashara jina la wakala aliyethibitisha, kama kanuni inavyotaka. Sehemu ya gharama ilirudishwa na mpango wa serikali wa kuchangia uthibitishaji, ambao wakati huo ulirudisha hadi robo tatu ya ada kwa kikomo cha dola mia kadhaa. Ulimsaidia, ila haukulipia tofauti ya bei ya ukamuaji.

Akalirudia duka. Wakayachukua mafuta ya kupaka, yale yasiyo na neno wala nembo. Ya matone, yenye cheti kilichogharimu karibu mwaka mzima, wakayakataa. Mwanasheria wao alikuwa amesoma tangazo la Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) la Januari 2023, lililosema taratibu zilizopo za chakula na virutubisho haziifai CBD. Tangu zamani msimamo wa mamlaka hiyo ni kwamba CBD haiwezi kuuzwa kama chakula au kirutubisho, kwa kuwa tayari ni dawa iliyoidhinishwa, Epidiolex, tangu Juni 2018. USDA inathibitisha njia ya uzalishaji. Uhalali wa kukinywa kitu hicho ni wa ofisi nyingine, na ofisi hizo mbili hazijibiani.

Mafuta ya matone yanaendelea kuuzwa sokoni na mtandaoni, kwa bei ya juu kidogo, na wanaoyanunua kwa ajili ya nembo wapo. Si wengi kama alivyotarajia.

Uchambuzi

Lililofanya kazi ni kuanza na mnyororo kabla ya fomu. Angeomba cheti cha jiko lake kwanza, angelipa ada na kukwama kwenye pipa la heptani. Pia uamuzi wa kuzitenganisha bidhaa mbili ulikuwa sahihi. Cheti hutolewa kwa bidhaa na kwa shughuli. Ukiuliza "kampuni yako ni ya kilimo hai?" umeuliza kitu kisicho na jibu.

Lililoshindikana ni mpangilio wa kibiashara. Swali la FDA lilipaswa kuulizwa kwa duka siku ya kwanza: mkipata cheti, mtauza cha kunywa? Jibu lingekuwa hapana, na fedha zile pengine zingeenda kwenye shea. Kwa maoni yangu huko ndiko zilikostahili. Bidhaa iliyokuwa na soko ilibaki bila cheti, na iliyokuwa na mashaka ya kisheria ikapewa. Na mlango wa Uganda umezidi kuwa mzito: tangu Machi 19, 2024 kila mzigo wa kilimo hai unaoingia Marekani unahitaji cheti cha uingizaji, na vikundi vya wazalishaji vina masharti mapya ya udhibiti wa ndani. Kikundi kile kingeweza kuanza mapema zaidi.

Kuhusu mteja, nembo ilimwambia kidogo kuliko alivyodhani. Haikumwambia kiasi cha CBD kilichomo. Mwaka 2017 utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA ulipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. 26 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kinachokaribiana na kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC. Haikumwambia kuhusu madini ya risasi wala kadimiamu pia, na hempu ni hodari wa kufyonza metali nzito, hadi ilijaribiwa kusafishia udongo karibu na Chernobyl. Hayo yanasomwa kwenye cheti cha maabara cha bechi ileile, chenye tarehe iliyo baada ya mavuno. Mama sasa anachapisha msimbo kwenye kila chupa unaofungua karatasi hiyo, na anasema simu za maswali zimepungua tangu hapo, jambo ambalo nembo haikulifanya.

Lipo moja lililo nje ya uwezo wake. Novemba 2025 Bunge la Marekani lilibadilisha tafsiri ya hempu: kuanzia Novemba 2026 bidhaa iliyokamilika haitakiwi kuwa na zaidi ya miligramu 0.4 za THC kwa kila chombo. Chupa yake ina 27. Kubaki chini ya hapo kunamrudisha kwenye unga mweupe na pentani, na kwenye kuipoteza nembo. Agizo lake la mwisho la lebo za matone lilikuwa dogo kuliko yote, na wiki hiyohiyo aliniomba nitafute wakala wa uthibitishaji anayefika Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa waokotaji wa shea.